Njoo Ushike Ndama



Leo sijaleta lile neno fupi la asubuhi mlilozoea. Chukua chai yako, ukae, usome polepole. Nina jambo la kuungama, na sijawahi kulisema madhabahuni.

Mwezi wa tisa mwaka 2025, mnakumbuka, TikTok ilijaa video za unyakuo. Mtu mmoja wa Afrika Kusini alisema ameoneshwa kwamba Bwana anakuja tarehe 23 au 24 Septemba 2025. Maneno hayo yakazunguka dunia nzima. Kuna waliojirekodi wakisema wameuza magari, wengine wakisema wameacha kazi. Tarehe 23 ikapita, 24 ikapita. Tarehe 25 mahindi yalikuwa bado shambani na matatu zilikuwa zinaita abiria.

Jumapili ya tarehe 28, baada ya ibada, binti mmoja wa kanisa letu alinisubiri kule nyuma, vijana wakiwa wanapanga viti vya plastiki. Anasomea uuguzi. Mamake anauza mboga, nanyi mnajua karo inayotoka kwenye sukuma wiki ni karo ya jasho. Akaniambia hakujisajili kwa mtihani wake. Muda wa kujisajili ulikuwa umekwisha. Pesa alikuwa nazo kwenye M-Pesa, ila alipotazama zile video akaona hakuna haja tena.

Nikaanza kumkemea. Nikamwambia habari za TikTok, habari za manabii wa uongo, nikasema sana. Akanisikiliza kichwa kikiwa chini. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Lakini Pasta, ni wewe ulisema tusipande mizizi hapa. Ulisema mwezi wa nane kwamba hatujui kama Krismasi itatukuta."

Mpendwa, nilinyamaza. Niliyakumbuka mahubiri hayo. Nilikumbuka hata mahali ambapo watu walisimama na kupiga makofi.

Usiku ule sikulala vizuri, na nilipokuwa nikigeuka kitandani nikarudi mbali sana, hadi nikiwa mtoto wa miaka kumi.

Wageni walikuja kijijini kwetu na jenereta na projekta, wakatundika shuka jeupe kwenye ukuta wa shule. Walituonyesha filamu ya Wamarekani iliyotengenezwa mwaka 1972, A Thief in the Night. Pengine na wewe uliwahi kuiona, maana ilizunguka makanisa ya nchi nyingi. Mwanamke anaamka asubuhi, anamtafuta mumewe, hayupo. Mashine yake ya kunyoa ndevu inaendelea kunguruma kwenye sinki, mwenyewe amekwisha nyakuliwa. Mkalimani alikuwa anapaza sauti juu ya jenereta, nasi watoto tulikuwa tumeshikana mikono gizani.

Siku chache baadaye nilitoka shule nikakuta nyumba kimya. Maharagwe yanachemka jikoni. Ndala za Mama ziko mlangoni. Nikaita, "Mama!" Kimya. Nikaenda kwenye boma la ng'ombe, hakuna mtu. Nikaanguka pale uani, nikalia kwa sauti yote niliyokuwa nayo, kwa sababu Bwana amerudi na mimi nimeachwa, na najua ni kwa sababu ya ile sukari niliyoiba Jumamosi.

Mama alitokea kwa jirani akiwa miguu mitupu, ameshika chumvi kwenye karatasi. Cheka tu, mimi pia nacheka leo. Lakini nataka ujue kwamba hofu ile haikutoka siku hiyo. Niliokoka nikiwa na hofu. Nilipoitwa kuhubiri, nilihubiri nikiwa na hofu. Na hofu ni mbegu kama mbegu nyingine: ukiipanda kwa watu, itaota.

Sehemu ya pili ya ungamo langu ni ya mwaka 1999.

Wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa. Mwaka ule dunia nzima ilikuwa inaongea habari ya kompyuta. Programu nyingi za zamani zilikuwa zinaandika mwaka kwa tarakimu mbili tu, kwa hiyo watu walihofu kwamba ikifika 00 mashine zitadhani ni 1900, na benki, umeme na ndege vitavurugika. Sisi tuliookoka tukaongeza mambo yetu juu ya hayo. Miaka elfu mbili, tukasema, ndiyo hesabu imetimia.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kupata nafasi katika chuo cha ualimu, niripoti mwezi wa kwanza mwaka 2000. Baba yangu, ambaye alikuwa hajaokoka, aliuza ng'ombe mmoja kati ya wawili aliokuwa nao. Alinihesabia pesa zile mkononi, noti moja moja. Nami nikazichukua zote nikampa mhubiri mmoja aliyekuwa anazunguka akisema kwamba pesa za dunia hii zimebakiza miezi michache kuwa karatasi. Sikujiuliza swali dogo tu: kama zitakuwa karatasi, yeye anazikusanya za nini?

Tarehe 31 Desemba tulikesha. Tuliimba, tulilia, tulitubu. Saa sita ya usiku ikafika. Jogoo wakawika kama kawaida yao. Nilitembea kwenda nyumbani asubuhi, umande ukiwa umenilowesha hadi magotini, nikamkuta Baba anakamua yule ng'ombe aliyebaki. Alijua habari za pesa, alikuwa amezisikia kwa watu. Nilisimama pale nikisubiri anipige au anifukuze. Hakunitazama hata. Alisema tu, "Njoo ushike ndama."

Nikamshika ndama. Baba akaendelea kukamua.

Hatukulizungumza tena jambo hilo mpaka alipolala. Chuoni niliingia miaka mitatu baadaye, kwa pesa nilizopata kwa kubeba mawe ya ujenzi. Na juu ya zile kompyuta: hazikuanguka dunia nzima, na mojawapo ya sababu ni kwamba mafundi wengi walikuwa wamekesha miaka kadhaa wakirekebisha programu. Wao walisikia habari ya hatari wakaenda kazini. Mimi niliisikia nikaacha kazi.

Sasa, mpendwa, usinielewe vibaya. Naamini Yesu Kristo anarudi. Ninaliamini kuliko ninavyoamini jua litachomoza kesho. Ninachouliza ni hiki: habari ya mwisho ikikufikia, inakufanya uwe mtu wa namna gani?

Hamu hii ya kujua tarehe si ya walokole peke yao. Mwaka 1967 mhakiki wa fasihi wa Uingereza, Frank Kermode, alitoa kitabu kuhusu jambo hilo. Hoja yake, nikiisema kwa maneno yangu, ni kwamba sisi binadamu tunazaliwa katikati ya hadithi na tunakufa katikati ya hadithi. Hatukuona mwanzo, hatutaona mwisho, na jambo hilo linatusumbua. Kwa hiyo tunatunga mwisho ili maisha yetu ya katikati yawe na maana. Aliona pia kwamba tarehe ikipita watu hawaitupi hesabu. Wanaipiga upya.

Historia inamuunga mkono. Huko Marekani, mkulima Mbaptisti aliyeitwa William Miller alisoma kitabu cha Danieli akapata hesabu kwamba Bwana atarudi karibu na mwaka 1843. Mwaka ukapita. Wafuasi wake wakafika kwenye tarehe 22 Oktoba 1844. Wako walioacha mazao shambani bila kuyavuna. Usiku ule ukapita pia, wakalia hadi asubuhi. Mwaka 2011 mhubiri wa redio, Harold Camping, alitangaza tarehe 21 Mei, mabango yakawekwa barabarani katika miji mingi. Ilipopita, akasema basi ni tarehe 21 Oktoba. Nayo ikapita. Lakini nitampa heshima moja mzee yule: mwaka 2012, akiwa na miaka 90, alikiri hadharani kwamba alikosea na kwamba kutaja tarehe ilikuwa dhambi. Wahubiri wangapi tumewahi kufanya hivyo?

Hata wasioamini Mungu wana mahubiri yao ya mwisho. Tazama filamu. Ile iitwayo 2012, iliyotoka mwaka 2009, ilizamisha miji mizima kwa sababu ya kalenda ya Wamaya. Hatuhesabu zile za wafu wanaotembea, za virusi, za roboti. Watoto wetu wameona dunia ikiisha mara nyingi kwenye simu kabla hawajamaliza darasa la nane. Ukiona mwisho mara nyingi hivyo, unaweza kuanza kuutamani. Ni rahisi kutazama mji ukizama kwenye filamu kuliko kuzibua mtaro wa maji taka mtaani kwako.

Lakini kuna saa moja ya watu wa dunia ambayo imenifundisha kitu. Mwaka 1947 jarida la wanasayansi wa Marekani, Bulletin of the Atomic Scientists, lilichora saa kwenye jalada lake kuonya juu ya mabomu ya nyuklia. Usiku wa manane ndio maangamizi. Wakati huo waliiweka dakika 7 kabla. Januari 2025 waliiweka sekunde 89 kabla, karibu kuliko wakati wowote uliokuwa umepita. Inatisha. Hata hivyo, mwaka 1991 saa hiyohiyo ilirudishwa nyuma hadi dakika 17, kwa sababu Marekani na Sovieti zilikubaliana kupunguza silaha. Kumbe inaweza kurudi nyuma!

Je, hilo halikukumbushi mtu? Yona aliingia Ninawi na tarehe mkononi: siku arobaini. Mji ukatubu, kuanzia mfalme hadi mifugo. Siku arobaini zikapita na Ninawi ikasimama. Yona alikasirika kwa sababu tarehe yake haikutimia, lakini mbinguni hakuna aliyekasirika. Onyo la Mungu lilikuwa limefanya kazi yake. Soma Yona sura ya 3 na ya 4.

Sasa nifike mahali pagumu.

Mwaka 2023, mwezi wa nne, nchi yetu ilisikia jina Shakahola. Msitu ule wa Kilifi ulifukuliwa, na ilipofika mwisho wa ufukuaji miili ilikuwa imepita 400. Watu walikuwa wamefundishwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Watoto walikuwamo. Kesi zilifikishwa mahakamani na mimi si hakimu. Na kabla ya hapo, tarehe 17 Machi 2000, jirani zetu wa Uganda walishuhudia moto wa Kanungu, ambapo mamia ya waumini waliokuwa wakingoja mwisho wa dunia walikufa ndani ya jengo lao.

Habari za Shakahola zilipotoka nilisimama madhabahuni nikasema, "Hao si wenzetu." Kanisa likasema Amina. Leo nataka kuirudia sentensi hiyo mbele ya Mungu. Mwaka 2019, serikali ilipoleta Huduma Namba, wengi wenu mlinipigia simu mkiuliza kama ndiyo ile 666. Nilijua la kuwaambia. Nilijua kwamba namba ya serikali mtu anaweza kuikubali au kuikataa kwa sababu nyingi, lakini haimfanyi mtu amsujudie mnyama. Sikuwaambia hivyo waziwazi. Nilisema, "Tuombe, nyakati ni mbaya." Kwa sababu makesha ya wiki zile yalikuwa yamejaa hadi nje, na mimi nilipenda kuyaona yamejaa.

Sikuwahi kumpeleka mtu msituni. Lakini nilitumia hofu, na huyo binti wa uuguzi amenionyesha bei yake.

Tufungue Biblia. Kitabu cha mwisho kinaitwaje? Ufunuo. Wazungu wanatumia neno la Kigiriki, apokalipsi, na siku hizi kwao neno hilo limekuwa na maana ya maangamizi, moto na majengo kuanguka. Lakini maana yake ya kwanza ni kuondoa kifuniko. Kiswahili chetu kimeitunza maana hiyo vizuri kabisa. Ufunuo ni kufunua. Unafunua sufuria, unaona kilichomo. Wako wanatheolojia wa siku hizi, kama Catherine Keller wa Marekani, ambao wameandika vitabu kuwakumbusha watu wao jambo hili ambalo nyanya yako analisema kila anapotaja kitabu hicho.

Na lile neno kiyama? Mtaani tunalitumia kwa balaa. Lakini asili yake ni Kiarabu, na lina maana ya kusimama, kuinuka. Soma Mathayo 22:23 katika Biblia yetu ya zamani ya Kiswahili, inapoeleza kwamba Masadukayo walikataa kiyama. Walichokataa ni ufufuo! Kwa hiyo maneno yetu mawili makubwa ya mwisho, moja linahusu kufunuliwa na la pili linahusu kuinuka. Hakuna hata moja linalohusu kujificha.

Yohana alipewa nini kule Patmo? Hakupewa tarehe. Alipewa barua saba kwa makanisa saba ya Asia, nchi ambayo leo ni Uturuki. Barua zile zinauliza mambo ya kawaida kabisa: upendo wako uko wapi, kazi zako ziko wapi, kwa nini wewe wa Laodikia unajiona tajiri? Halafu nenda sura ya 18. Babeli inaanguka, na wafanyabiashara wanalia. Yohana anaorodhesha bidhaa zao: dhahabu, fedha, vitambaa, mvinyo, mafuta, ngano, kondoo, farasi. Na mwisho kabisa wa orodha anataja binadamu, miili na roho zao. Hapo ndipo kifuniko kinaondolewa! Chini ya mji unaong'aa kulikuwa na soko la watu. Ukitaka kuhubiri Ufunuo Kenya ya leo, hesabu bidhaa zetu nawe, halafu uulize mwisho wa orodha kuna nani. Kuna msichana aliyepelekwa ng'ambo kwa ahadi ya kazi akanyang'anywa pasipoti. Kuna kijana ambaye mshahara wake wote unaliwa na mikopo ya simu. Kuna mtoto anayechimba mchanga mtoni saa za masomo.

Kwa hiyo nimejiwekea kipimo, na ninawapa ninyi mnipime nacho. Mahubiri ya mwisho yakikufunua macho ukamwona Yesu na ukamwona jirani yako, hayo ni ufunuo. Yakikufunika macho usimwone mama yako anayeuza sukuma, hayo ni kifuniko, hata yakihubiriwa na mimi.

Hili si jipya. Wako Wathesalonike walioacha kazi, na kanisani kwao kulikuwa na maneno kwamba siku ya Bwana imekwisha fika. Paulo hakuwasifu kwa imani yao. Aliwaambia wafanye kazi kwa utulivu, na asiyetaka kufanya kazi asile. Soma Wathesalonike wa pili, sura ya 2 na ya 3.

Na Yeremia je? Jeshi la Babeli limeuzunguka Yerusalemu. Yeye mwenyewe amefungwa katika uwanja wa walinzi. Dunia yake inaisha, na anajua inaisha kwa sababu ndiye aliyetabiri. Binamu yake anakuja kumuuzia shamba la Anathothi, nje kule ambako adui anatawala. Yeremia anapima shekeli 17 za fedha, anaandika hati, anaita mashahidi, anamwambia Baruku aiweke kwenye chombo cha udongo ikae siku nyingi. Mkenya yeyote anajua maana ya hati ya shamba. Yeremia alinunua ploti katikati ya mwisho wa dunia! Sura ya 32.

Jumanne iliyofuata nilivaa koti, nikapanda matatu na yule binti hadi chuoni kwao. Niliwaambia ukweli, kwamba mwalimu wake wa dini ana sehemu ya lawama. Walitusikiliza kwa heshima. Mtihani huu umempita, hakuna njia, atafanya ule unaofuata. Amepoteza miezi kadhaa. Njiani tukirudi alilia kidogo, kisha akaniuliza, "Pasta, na Yesu akirudi kabla sijamaliza?"

Nikamwambia, "Binti yangu, basi atakukuta ukiwa umeshika mkono wa mgonjwa. Kuna mahali pazuri zaidi pa kukutwa?"

Si maneno yangu mwenyewe, asili yake ni Mathayo 24, aya ya 45 na 46. Bwana wetu, baada ya kusema kwamba siku hiyo hakuna aijuaye, anamweleza mtumwa mwenye heri ni yupi: yule ambaye bwana wake akija atamkuta anawapa watu wa nyumbani chakula kwa wakati wake. Chakula, mpendwa. Ugali ukiwa tayari, watoto wamekula, mgonjwa amepewa dawa.

Nilimuomba radhi yule binti, na nikamuomba radhi mamake pale kwenye meza yake ya mboga, mbele ya wateja. Jumapili hii nitaomba radhi madhabahuni. Nawaomba mje. Na kama kuna mtu mwingine aliyeacha shule, dawa, kazi au ndoa kwa sababu ya neno nililolisema kwa kutia hofu, tafadhali nitafute. Usione haya, haya ni ya kwangu.

Siku hizi nikisikia tarehe mpya, na nina hakika itakuja nyingine, namkumbuka Baba asubuhi ile ya tarehe mosi Januari 2000. Alikuwa amepoteza ng'ombe na mtoto wake alikuwa amempoteza kwa hofu. Alinipa kazi ya kufanya. Ndiyo neema ya kwanza niliyoionja mwaka ule, na aliyenipa alikuwa bado hajaokoka.

Baba wa mbinguni, tunakuja mbele zako. Tusamehe sisi wachungaji tuliowatisha kondoo wako ili wasitoke zizini. Mfunue macho kila anayesoma hapa, akuone wewe, na amwone aliye karibu naye. Mwenye mtihani, ausome. Mwenye shamba, alilime. Mwenye mgonjwa, amuuguze. Na utakapokuja, Bwana Yesu, utukute mikono yetu ina kazi na mioyo yetu haina hofu. Katika jina la Yesu. Amina.

Kama neno hili limekugusa, andika Amina, kisha umtumie mtu mmoja unayejua anaogopa. Halafu uweke simu chini uende ukamalize kazi uliyoiacha.

Ni mimi mchungaji wenu, ninayejifunza pamoja nanyi.